Sura ya Tano: Barafu Haisogei Bila Sababu

Katika kisiwa cha Baffin, kaskazini mashariki mwa Kanada, kuna nyanda za juu zilizofunikwa na barafu nyembamba isiyo na haraka. Haina mteremko wa kuiteremsha, na kwa chini imegandamana na mwamba. Kwa hiyo haikwangui ardhi iliyoikalia. Majani mafupi yaliyokuwa yakitanda juu ya mawe siku theluji ilipoanguka na kukataa kuyeyuka bado yako chini humo. Yamekufa zamani, lakini yangali yameshikilia jiwe lile lile yalipoota.

Kila kiangazi ukingo wa barafu hiyo unarudi nyuma kidogo, na mimea iliyofichika inatokea tena juani. Haidumu. Upepo na maji ya theluji huing'oa na kuipeleka mbali baada ya muda mfupi, hivyo anayeitaka lazima ainame pale pale ukingoni, barafu ikiwa karibu kumgusa kiatu. Gifford Miller, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi: kuchuma majani makavu kwenye ukingo wa barafu na kuyapima umri kwa kaboni-14. Mmea ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani; ukifa, kaboni-14 iliyomo ndani yake huanza kupungua kwa kasi inayojulikana. Umri unaosomwa maabara ndio umri wa siku barafu ilipoufunika.

Majibu yalikuja kwa makundi. Mimea mingi ilifunikwa kati ya mwaka 1275 na 1300. Kundi jingine lilifunikwa kati ya 1430 na 1455. Na katika sehemu chache za juu zaidi, majani yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000, mahali ambapo kaboni-14 inakaribia kuishiwa uwezo wa kuhesabu. Maana yake ni nzito. Mimea iliyofunikwa kabla ya binadamu yeyote kulima shamba imefunuliwa katika kizazi chetu, na kwa muda wote huo hakikupita kipindi cha joto kilichoweza kuiondolea blanketi lake.

Barafu ya ncha za dunia imesonga mbele na kurudi nyuma mara nyingi. Watu wengi wakisikia hivyo huhitimisha kwamba yanayotokea leo ni mambo ya kawaida, yatapita kama yalivyopita mengine. Sura hii inasimulia historia hiyo ya kwenda na kurudi, kisha inapinga hitimisho hilo kwa ushahidi wa historia hiyo hiyo. Kila mara barafu ilipokwenda, ilikuwa na sababu. Kila mara iliporudi, ilikuwa na sababu. Nyingi ya sababu hizo sasa zinajulikana.

Namna barafu inavyokwenda

Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, ya juu huigandamiza ya chini mpaka iwe barafu ngumu. Ikifikia unene wa makumi ya mita, uzito wake wenyewe huanza kuisukuma, nayo hutiririka polepole kuelekea bondeni au baharini. Huo ndio mto wa barafu. Ikifunika nchi nzima, milima na mabonde kwa pamoja, huitwa ngao ya barafu. Leo ngao zimebaki mbili. Ya Greenland ina ukubwa wa kilomita za mraba kama milioni 1.7, na katikati unene wake unazidi kilomita 3. Ya Antaktika inakaribia kilomita za mraba milioni 14, na kuna mahali unene wake unazidi kilomita 4. Maji yaliyofungwa Greenland yangetosha kupandisha bahari zote za dunia kwa mita 7 na zaidi. Yaliyofungwa Antaktika yangezipandisha kwa mita 58 hivi.

Mto wa barafu ni ghala la nafaka la familia. Juu huingia mavuno, yaani theluji mpya. Chini hutoka matumizi: barafu inayoyeyuka na mapande yanayokatika na kuanguka baharini. Mavuno yakizidi matumizi, ukingo husonga mbele. Matumizi yakizidi, ukingo hurudi nyuma. Barafu yenyewe haiachi kutiririka kwenda chini hata siku moja. Tunaposema imerudi nyuma, tunasema juu ya ukingo wake tu.

Ipo mito michache isiyofuata hesabu hii kwa ukaribu. Katika visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norway, mto wa Bråsvellbreen ulichomoka miaka ya 1930 na kusonga mbele kilomita 20 hivi kwa muda mfupi, bila hali ya hewa kubadilika. Maji yaliyokusanyika chini yake yalikuwa yameulegeza. Ndiyo sababu wataalamu hawatoi hukumu kwa kutazama mto mmoja. Hutazama mamia, na hutazama miaka mingi.

Na barafu iliyoondoka huacha alama. Ukingo ukisimama mahali pamoja kwa muda, hurundika tuta la mawe na kifusi. Barafu ikishaondoka, mawe yale hubaki wazi, na miale inayotoka mbali angani huyapiga usiku na mchana. Miale hiyo ikigonga chembe za madini ya kwazi ndani ya jiwe, hutengeneza atomi chache za berili-10. Mtaalamu hupanda tutani na nyundo, hubandua kipande cha juu cha jiwe kubwa, kisha maabara huhesabu atomi hizo. Zikiwa nyingi, jiwe limekaa juani muda mrefu. Kwa njia hiyo matuta ya Greenland, Svalbard na Antaktika yamepewa tarehe, tuta moja baada ya jingine.

Barafu ilipotawala

Mwaka 1837, katika mji wa Neuchâtel, mtaalamu wa samaki aitwaye Louis Agassiz alisimama mbele ya wanasayansi wenzake wa Uswisi na kudai kwamba zamani barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya. Wengi hawakukubali. Lakini mawe makubwa yaliyokuwa yametupwa mbali na milima yalikotoka, na miamba iliyokwanguliwa kwa mistari iliyonyooka, havikuwa na maelezo mengine yaliyosimama.

Leo tunajua kilele cha mwisho cha barafu kilikuwa yapata miaka 21,000 iliyopita. Ngao moja ilifunika karibu Kanada yote na kuteremka hadi ilipo Chicago leo. Nyingine ilifunika Skandinavia, ikavuka bahari ya Baltiki hadi kaskazini mwa Ujerumani, na sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa chini ya barafu. Huko Antaktika, barafu ilikanyaga sakafu ya bahari ya Ross kwa mamia ya kilomita kupita ilipoishia leo. Dunia kwa wastani ilikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 6 hivi.

Maji ya kutengenezea barafu hiyo yote yalitoka baharini, na bahari ilishuka kwa mita 120 au zaidi. Hapa ndipo historia ya ncha za dunia inapofika mlangoni kwetu. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo ulikauka, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya watu walioishi humo yapata miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya nyati na pundamilia, wanyama waliokuja kwa miguu yao. Pemba ilibaki kisiwa, kwani bahari inayoitenga na bara ni ya kina cha mamia ya mita. Na Ghuba kati ya Uarabuni na Iran, ambayo leo inapitisha meli za mafuta, ilikuwa bonde kavu.

Uzito wa barafu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ardhi yenyewe ilididimia. Mpaka leo inaendelea kuinuka. Kwenye Ghuba ya Bothnia, kati ya Sweden na Finland, nchi kavu inapanda kwa karibu sentimita moja kila mwaka, na mawe yaliyokuwa chini ya maji enzi za mababu sasa ni visiwa vyenye miti. Barafu iliyoondoka miaka 10,000 iliyopita bado inaandika ramani.

Jua, mhimili na tope la Bahari ya Hindi

Nini kiliileta barafu hiyo, na nini kiliiondoa? Jibu la msingi lilitoka kwa mhandisi na mwanahisabati Mserbia, Milutin Milanković. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta katika himaya ya maadui, akashikiliwa, kisha akaruhusiwa kuishi Budapest na kutumia maktaba ya chuo cha sayansi. Hapo aliendelea na hesabu aliyoianza kabla ya vita: kiasi cha jua kinachofikia kila sehemu ya dunia katika mamia ya maelfu ya miaka. Kazi yake kamili ilichapwa Belgrade mwaka 1941.

Hesabu yake ilisimama juu ya mambo matatu. Mwinamo wa mhimili wa dunia hubadilika kidogo, ukienda na kurudi kila miaka 41,000. Mhimili wenyewe huyumba polepole, hivyo majira ambayo dunia iko karibu na jua hubadilika kwa mzunguko wa takriban miaka 23,000. Na njia ya dunia kulizunguka jua hurefuka na kurudi kuwa karibu duara kamili kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000. Kinachoamua, kwa hoja ya Milanković, ni kiangazi cha kaskazini. Majira ya baridi daima huleta theluji. Kiangazi kikiwa baridi, theluji haiishi, na mwaka unaofuata huanza na akiba. Miaka elfu chache ya viangazi dhaifu hutosha kujenga ngao ya barafu.

Uthibitisho ulitoka sakafuni mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1976, James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichapisha uchunguzi wa tope refu lililochotwa kusini mwa bahari hiyo. Ndani ya tope kulikuwa na magamba ya viumbe vidogo mno, na oksijeni iliyo ndani ya magamba ilibeba kumbukumbu ya kiasi cha barafu duniani. Mizunguko waliyoikuta ilikuwa ile ile: 100,000, 41,000 na 23,000. Milanković alikuwa amefariki mwaka 1958, miaka 18 kabla ya ushahidi huo.

Hewa ya kale

Siku moja ya mwezi Juni mwaka 1952, mvua ilipokuwa ikinyesha Copenhagen, Mdenmark Willi Dansgaard aliweka chupa yenye faneli uani kwake. Alitaka kujua kama uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi katika maji ya mvua hubadilika na baridi. Ulibadilika. Kutoka kwenye chupa ile likazaliwa wazo kubwa: theluji ya kila mwaka hubeba kipimo cha joto la mwaka wake, na ngao ya barafu ni maelfu ya miaka iliyolazwa tabaka juu ya tabaka.

Barafu ya kupima ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Wakati wa vita baridi, jeshi la Marekani lilichimba kambi nzima ndani ya barafu ya kaskazini magharibi mwa Greenland, ikiendeshwa kwa kinu cha nyuklia, na kuiita Camp Century. Mwaka 1966 wachimbaji wake walitoboa hadi chini kabisa, mita 1,387, na kutoa nguzo ya barafu. Dansgaard alipoipima, ilisimulia habari za miaka yapata 100,000: kipindi kirefu cha baridi kilichokatizwa na vipindi vya joto vilivyozuka ghafla, kisha utulivu wa miaka 10,000 hivi ambamo binadamu alijifunza kulima.

Antaktika ilirefusha masimulizi. Nguzo ya Vostok ilifikisha miaka 420,000. Nguzo ya Dome C, ya mradi wa Ulaya uitwao EPICA, ilifikisha 800,000. Januari 2025, wachimbaji wa Ulaya walifika kwenye mwamba, mita 2,800 chini, na kutoa barafu ya zaidi ya miaka 1,200,000.

Ndani ya barafu hiyo kuna viputo vya hewa, hewa halisi ya enzi zile. Katika vipindi vya baridi kali, hewa ya ukaa ilishuka hadi sehemu kama 180 kwa milioni. Katika vipindi vya joto ilipanda hadi 280, na mara chache 300. Kwa miaka 800,000 haikuvuka hapo. Mabadiliko ya jua ndiyo yaliyoanzisha safari, lakini yenyewe ni madogo. Hewa ya ukaa iliyotoka baharini dunia ilipoanza kupata joto ndiyo iliyoikuza na kuieneza kaskazini na kusini kwa pamoja. Shika jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Mporomoko

Yapata miaka 19,000 iliyopita, ngao kubwa zilianza kupungua. Zilipungua kwa vishindo. Matumbawe ya Tahiti, ambayo huota karibu na uso wa maji, yanaonyesha kwamba yapata miaka 14,600 iliyopita bahari ilipanda mita 14 hadi 18 ndani ya miaka isiyofika 350. Hiyo ni mita 4 na zaidi kila karne. Yapata miaka 12,900 iliyopita baridi ilirejea ghafla kaskazini, na mito mingi ya barafu ikasonga mbele tena. Baridi hiyo ilidumu miaka 1,200, kisha ikaondoka kwa haraka kama ilivyokuja.

Ngao ya Kanada ilichukua maelfu ya miaka kumalizika. Kipande chake cha mwisho bado kipo: ni barafu ya Barnes, juu ya kisiwa kile kile cha Baffin, yenye ndani yake barafu ya enzi ya mamalia wakubwa wa baridi. Nako Antaktika, nguzo ya barafu kutoka Skytrain, ukingoni mwa bahari ya Weddell, imeonyesha kwamba yapata miaka 8,000 iliyopita barafu ya hapo ilipungua unene kwa mita 450 ndani ya miaka isiyozidi 200. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 2024, na ni onyo kwa yeyote anayedhani ngao ya barafu haiwezi kwenda mbio.

Mporomoko haukusimama palipo na mipaka ya leo. Magharibi mwa Antaktika, tope lililotolewa chini ya barafu lilikutwa na kaboni-14 kutoka viumbe vya baharini, umbali wa mamia ya kilomita ndani ya sehemu ambazo leo zimekanyagwa na barafu. Bahari ilikuwa imefika huko baada ya zama za barafu. Kisha ardhi, ikiisha kupunguziwa uzito, iliinuka. Barafu ikapata pa kukanyaga. Ukingo ukasonga mbele tena hadi ulipo sasa. Wapo waliotaka kuligeuza tokeo hili kuwa faraja. Safari ile ya kurudi mbele ilichukua maelfu ya miaka, na hakuna mji wa pwani unaoweza kuisubiri.

Miaka elfu kumi ya mwisho

Mwanzoni mwa kipindi tunachoishi, kiangazi cha kaskazini kilipata jua kali kuliko la leo. Svalbard inalithibitisha hilo vizuri. Chini ya mto wa Linnébreen kuna ziwa, na mto wa barafu unaosaga mwamba hulazimika kumwaga unga wa mawe ziwani. Katika tabaka za tope za mwanzo wa kipindi hicho unga huo haumo: mto wenyewe haukuwepo. Ulizaliwa yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Katika fukwe za zamani za visiwa hivyo kumejaa magamba ya kome, viumbe wasiopenda bahari ya baridi kali. Walitoweka maji yalipopoa. Mwaka 2004 walionekana tena wakiwa hai.

Kadiri mhimili ulivyoyumba, kiangazi cha kaskazini kilidhoofika, na kwa miaka 4,000 hadi 5,000 barafu ilikuwa ikipata nguvu kidogo kidogo. Kilele cha mwisho cha mwendo huo ndicho kilichoifunika mimea mingi ya Baffin. Mwaka 1257, volkano ya Samalas katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, ililipuka kwa nguvu kiasi kwamba majivu na salfa yake yamo katika barafu ya Greenland na ya Antaktika pia. Milipuko mingine ilifuata, jua nalo likapungua nguvu kidogo, na karne kadhaa za baridi zikaanza.

Waliolipia mapema ni Wanorwe wa Greenland. Walifika huko miaka ya 980 wakiongozwa na Eirik Mwekundu, wakajenga mashamba na makanisa. Kumbukumbu ya mwisho ya maandishi juu yao ni harusi iliyofungwa katika kanisa la Hvalsey mwaka 1408. Baadaye katika karne hiyo makazi yalibaki matupu. Wasomi wanataja sababu kadhaa, zikiwemo baridi na kudorora kwa biashara yao ya pembe. Ipo pia iliyogunduliwa karibuni: barafu jirani iliposonga mbele, uzito wake uliididimiza ardhi na mvuto wake ukayavuta maji ya bahari, hivyo mashamba ya pwani yakaliwa na maji. Barafu ilipozidi kwao, bahari ilipanda kwao.

Sababu ya safari hii

Katikati ya karne ya 19, mto wa Sermeq Kujalleq, magharibi mwa Greenland, ulikuwa umefika mbele kuliko wakati wowote katika karne nyingi. Tangu hapo uso wake umerudi nyuma zaidi ya kilomita 40. Katika kiangazi cha 2012 barafu yake ilikuwa ikitiririka mita 46 kwa siku, huku mapande makubwa kuliko majengo yakimiminika kwenye ghuba ya Ilulissat. Mwaka 2016 jambo jingine lilitokea: ukingo ulianza kusonga mbele na barafu ikanenepa. Wapo walioshangilia. Watafiti wa NASA walipima bahari iliyo mbele yake na kukuta maji ya baridi yameingia kwa muda. Mto ulipunguza mwendo kwa sababu iliyoweza kupimwa kwa kipimajoto, na sababu hiyo haikuwa ya kudumu.

Huko Antaktika, mapema mwaka 2002, rafu ya barafu ya Larsen B, yaani barafu inayoelea baharini, yenye kilomita za mraba 3,250, ilivunjika vipande vipande ndani ya wiki chache. Tope lililochotwa chini yake lilionyesha kwamba ilikuwa imesimama hapo kwa zaidi ya miaka 10,000. Ilivumilia vipindi vyote vya joto vya miaka hiyo. Hiki haikukivumilia.

Tangu mwaka huo huo, setilaiti zinazopima mvuto wa dunia zimeonyesha Greenland ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka, na Antaktika zaidi ya tani bilioni 100. Sasa turudi kwenye orodha ya sababu. Kiangazi cha kaskazini leo kinapata jua dhaifu kuliko miaka 10,000 iliyopita. Kwa mzunguko wa dunia peke yake, barafu ingepaswa kuendelea kusonga mbele polepole. Nguvu ya jua haijaongezeka katika miongo hii. Volkano hupoza, hazipashi. Kilichobadilika ni hewa ya ukaa, iliyokuwa 280 kabla ya viwanda na sasa imepita 420. Tofauti kati ya zama za barafu na zama za joto ilikuwa kama 100, na dunia ilichukua maelfu ya miaka kuipita. Sisi tumeongeza 140 katika muda wa vizazi vichache, kwa makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu iliyokatwa.

Greenland yenyewe inaonyesha jambo hilo linaweza kutufikisha wapi. Chini ya Camp Century, wachimbaji wa 1966 walitoa pia udongo ulioganda. Ulihifadhiwa, ukahamishwa, ukasahaulika, mpaka ulipopatikana tena mwaka 2017 ndani ya friza huko Copenhagen. Ulipooshwa na kuchujwa, vijiti na vipande vya majani vilielea juu ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba yapata miaka 416,000 iliyopita mahali hapo hapakuwa na barafu, bali nchi iliyoota mimea. Hewa ya ukaa wakati ule ilikuwa kama 280. Joto la wastani tu, lakini la muda mrefu, lilitosha kuondoa zaidi ya kilomita moja ya barafu.

Kwa mtu wa pwani yetu kuna hesabu moja ya nyongeza. Ngao ya barafu ina uzito mkubwa kiasi kwamba huvuta maji ya bahari kuizunguka. Greenland ikipoteza barafu, mvuto huo hupungua na maji hayo huachiliwa. Karibu na Greenland bahari hushuka. Mbali nayo, katika nchi za joto, hupanda kupita wastani wa dunia. Lamu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ziko upande wa kupokea. Nchi zetu zimechangia sehemu ndogo mno ya hewa ya ukaa iliyoko angani, na hiyo ni hoja ya haki ya kudai wachafuzi wakubwa wapunguze na walipe. Lakini hoja hiyo haipandi mikoko, haizuii majengo kusogezwa hadi ukingo wa maji, wala haihamishi visima vinavyoingiwa na chumvi. Kazi hizo ni zetu, na zinatakiwa kuanza wakati bahari bado inapanda kwa milimita.

Basi mtu akikuambia kwamba barafu imekuwa ikienda na kurudi tangu enzi na enzi, mkubalie, maana anasema kweli. Kisha muulize safari hii imesukumwa na nini. Jua halikufanya hivyo, mhimili haukufanya hivyo, volkano hazikufanya hivyo. Tumefanya sisi binadamu, na katika sababu zote zilizowahi kuisogeza barafu ya ncha za dunia, hii ndiyo ya kwanza inayoweza kuamua kuacha.